Maswali ya Wasomaji: Simu Imebadilika Sura, Nifanyeje?

Tangu Septemba 15, 2025, Apple ilipotoa iOS 26, mfumo mpya wa iPhone, yenye sura iitwayo Liquid Glass, yaani vitufe na menyu mithili ya kioo kinachopitisha rangi za kilicho nyuma yake, barua nyingi za safu hii zimekuwa za jambo hilo hilo. Wenye Samsung walitangulia miezi michache nyuma, baada ya One UI 7, toleo la mfumo wa simu zao. Wengine walibadilishiwa ukurasa wa kupigia simu mwezi Agosti bila hata kuombwa ruhusa. Tumechagua barua zinazowakilisha nyingine. Majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye simu iliyowekwa Kiingereza, ili uyatafute bila kubahatisha.

Ndugu Mhariri, baada ya kusasisha iPhone 13 yangu, maandishi ya arifa yanaonekana kama yana ukungu, hasa simu ikiwa imefungwa. Nimeipeleka kwa fundi, anasema kioo kimekufa na anataka hela ya kukibadilisha. Ni kweli? — Msomaji, Tanga

Usitoe hela bado. Kipimo chake ni cha dakika moja. Ukiwa kwenye ukurasa ule ule unaokusumbua, bonyeza kwa pamoja kitufe cha pembeni na kile cha kuongeza sauti upate skrinishoti, kisha itume kwa mtu mwenye simu nyingine. Ukitumia WhatsApp, itume kama dokumenti, maana picha ya kawaida hubanwa na kupoteza ukali. Skrinishoti ni picha ya kile programu ilichochora; haijui chochote kuhusu hali ya kioo chako. Mwenzako naye akiuona ukungu ule ule, kioo chako ni kizima na tatizo ni sura mpya. Lakini kama kwako kuna mstari, doa au rangi iliyofifia, na kwake picha ni safi, hapo fundi ana hoja.

Kwa maelezo yako, tunaamini ni sura mpya. Herufi husomeka kwa sababu ya tofauti ya mwanga kati yake na kilicho nyuma yake. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa kurasa za mtandao unataka tofauti isiyopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Nyeusi juu ya nyeupe tupu ni 21 kwa 1. Zamani mtengenezaji aliweza kuipima tofauti hiyo mara moja akaondoka, kwa kuwa nyuma ya herufi palikuwa na rangi moja. Sasa nyuma ya herufi kuna picha yako. Simu inajitahidi: vitufe vidogo hubadilisha herufi kutoka nyeupe kwenda nyeusi kulingana na mwanga wa chini yake. Ila ukiweka picha ya khanga yenye madoa meupe na meusi, hakuna rangi moja ya herufi itakayosomeka pote. Neno moja linaanzia kwenye doa jeupe na kuishia kwenye jeusi, na jicho linachoka.

Tiba ifanye kwa mpangilio huu, hatua moja kwa siku, ili ujue ipi imekusaidia.

Kwanza hakikisha una toleo la 26.1 au la baadaye: Settings, General, Software Update. Kisha nenda Settings, Display & Brightness, Liquid Glass, uchague Tinted badala ya Clear. Chaguo hili halikuwepo Septemba. Lilikuja Novemba 2025. Linazidisha uzito wa kile kioo kwenye vitufe, menyu na arifa za skrini iliyofungwa, bila kuivuruga sura nzima. Kwa watu wengi linatosha.

Pili, badilisha picha ya nyuma. Chagua yenye rangi moja tulivu, au fungua Settings, Wallpaper, upande wa skrini ya mwanzo, uwashe Blur. Watu huidharau hatua hii, na ndiyo yenye faida kubwa isiyo na gharama yoyote.

Tatu, kama bado: Settings, Accessibility, Display & Text Size, washa Reduce Transparency. Hapa kioo karibu chote kinaondoka na kuwa bamba la rangi moja. Si pazuri sana kwa macho, lakini panasomeka. Chini yake kuna Increase Contrast, ambayo huongeza mistari ya mpaka kuzunguka vitufe, na juu kuna Bold Text. Ukiwa kwenye ukurasa huo angalia usiguse Smart Invert au Classic Invert: hizo hugeuza rangi za simu, na kuna waliodhani wameiharibu kabisa.

Saa ya skrini iliyofungwa ina dawa yake peke yake. Bonyeza skrini hiyo kwa muda, gusa Customize, gusa saa, chagua Solid badala ya Glass. Toleo la 26.2 la Desemba liliongeza kitelezi cha kupima kiasi cha uangavu kwa wanaotaka katikati.

Mimi kusoma nasoma, shida yangu ni kichwa kuuma. Aikoni zinameremeta nikiinamisha simu, na nyingine naziona kama zimekaa upande. — Msomaji, Nairobi

Hayo ni mambo mawili. Kumeremeta kunatokana na simu kupima jinsi unavyoishika na kusogeza mng'ao ukingoni mwa aikoni. Nenda Settings, Accessibility, Motion, washa Reduce Motion. Hapo hapo itajitokeza Prefer Cross-Fade Transitions. Iwashe nayo, ili kurasa zififie badala ya kuruka. Wenye kipandauso na wanaochafukwa wakiwa garini waanze na hatua hii kabla ya nyingine zote.

Kukaa upande ni jicho linadanganyika. Aikoni ziko wima, ila kona ya juu kushoto na ya chini kulia zina mstari wa mwanga, na juu ya picha nyeusi mistari hiyo miwili hufanya pembe nne zionekane zimezungushwa. Weka picha ya rangi ya kati, si nyeusi tii, na hali hiyo itapungua sana.

Assalaam aleykum. Mama yangu yuko Pemba, ana miaka 70 na zaidi. Kaka yake mdogo kamsasishia simu, sasa ananambia simu "imegeuka nyingine". Haioni orodha ya majina aliyoizoea, na kengele ya alfajiri inamsumbua kuizima. Tumsaidieje? — Msomaji, Muscat

Wa aleykum salaam. Mtafuteni mjukuu mwenye subira akae naye nusu saa, simu iwe mkononi mwa bibi, si mkononi mwa mjukuu. Mzee hukumbuka alichofanya kwa kidole chake mwenyewe.

Waanze na ukurasa wa simu. iOS 26 inaweza kuunganisha majina anayoyapenda, simu zilizopigwa na ujumbe wa sauti kuwa orodha moja. Wafungue programu ya Phone, sehemu ya Calls, waguse kitufe chenye mistari kilicho juu kulia, wachague Classic. Vile vitufe vya chini alivyovizoea, kila kimoja na kazi yake, vitarudi palepale.

Kengele imebadilika mara mbili, na huenda ndiyo inayomchanganya. iOS 26 ilipotoka ilileta vitufe viwili vikubwa vya ukubwa sawa, cha kuzima na cha kuahirisha. Mtu mwenye usingizi alikuwa anagusa kimoja akidhani ni kingine. Toleo la 26.1 likageuza kuzima kuwe kwa kutelezesha kidole. Kwa kijana hilo ni jema. Kwa mkono unaotetemeka au vidole vyenye ganzi ni kazi. Waende Settings, Accessibility, Touch, wawashe Prefer Single-Touch Actions, kengele itazimika kwa kugusa tu. Kisha waijaribu mchana kweupe: waweke kengele ya dakika mbili mbele, simu ifungwe, bibi aizime mwenyewe mara tatu. Asiachiwe kuijaribu kwa mara ya kwanza saa kumi za usiku.

Maandishi yakuzwe kupitia Settings, Display & Brightness, Text Size; na kama kitelezi kimefika mwisho na bado ni madogo, kipo kirefu zaidi Accessibility, Display & Text Size, Larger Text. Msiende hadi mwisho kwa pupa: herufi zikizidi ukubwa, majina marefu hukatwa na vitufe vya chini husukumwa nje ya skrini. Wakuze hatua moja, wafungue ujumbe mmoja, bibi ausome kwa sauti, ndipo waongeze nyingine.

Na Reduce Transparency kwa mama wa umri huo iwashwe moja kwa moja. Hakuna haja ya kupitia hatua za kati tulizompa msomaji wa Tanga.

Nina iPhone 11. Tangu nisasishe, inachemka na betri haifiki jioni. Ni hii sura mpya inakula chaji? — Msomaji, Arusha

Siku za mwanzo mkosaji mkubwa ni kazi za chinichini. Baada ya kusasisha kukubwa simu hupanga upya faharasa ya picha na utafutaji, hupakua mafaili mapya na kusasisha programu zako moja baada ya nyingine. Apple yenyewe imeeleza kuwa joto na chaji huathirika kwa muda. Iache usiku mbili tatu kwenye chaja na Wi-Fi, skrini ikiwa imefungwa, bila kava, mahali penye hewa. Simu hizi zimeundwa kufanyia kazi kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, na juu ya friji au chini ya mto hupita hapo haraka. Usiku huo usitumie bando lako, litakwisha.

Wiki ikipita na hali ni ile ile, fungua Settings, Battery, Battery Health usome asilimia ya uwezo uliobaki. Betri ya iPhone 11 imeundwa kubaki na 80% baada ya mizunguko kamili 500 ya chaji, na mzunguko mmoja ni kutumia jumla ya 100%, hata kama ni nusu leo na nusu kesho. Simu hiyo ilitoka 2019. Kama betri ni ile ya kiwandani, karibu kwa hakika imeshapita hapo, na sura mpya imeufichua uchovu uliokuwepo. Ukiona chini ya 80%, hela yako iende kwenye betri.

Kuchora kioo kwenye skrini ni kazi ya ziada kwa chipu, hilo ni kweli, na kwenye chipu ya zamani huonekana menyu inapofunguka kwa kusitasita. Reduce Transparency na Reduce Motion zitailainisha. Ila usizitegemee zikurudishie saa nzima za chaji, kwa sababu muda mwingi simu yako inaonyesha video au maandishi, haionyeshi menyu. Na Adaptive Power unayoisikia, ile inayopunguza yenyewe matumizi ya chaji, haitakuhusu: ni ya iPhone 15 Pro na zilizofuata.

Nataka kurudi iOS 18, ile iliyotangulia iOS 26. Kuna kijana hapa mtaani anasema anaweza kwa bei nzuri. — Msomaji, Mombasa

Hawezi, labda kwa kukudanganya. Kila iPhone inapowekewa mfumo huomba idhini kwenye seva za Apple, na Apple huacha kuidhinisha toleo la zamani wiki chache baada ya jipya kutoka. Mlango wa kurudi iOS 18 kwa simu iliyokwisha kuingia iOS 26 umefungwa. Atakachofanya ni kufuta kila kitu na kukurudishia iOS 26 ile ile, tupu. Hata wakati mlango ulipokuwa wazi, nakala rudufu iliyotengenezwa na iOS 26 haikukubali kurejeshwa ndani ya iOS 18; aliyekuwa hana nakala ya zamani alipoteza picha na jumbe zake.

Wenye iPhone XR, XS na XS Max hawana uamuzi wa kufanya, simu zao zinaishia iOS 18. Wenye iPhone 11 kwenda mbele ambao hawajasasisha: kabla ya toleo lolote kubwa, unganisha simu na kompyuta, fanya nakala rudufu, kisha kwenye orodha ya nakala bofya kulia uchague Archive ili isifutwe na ile itakayofuata. Halafu subiri. Aprili 2025 Samsung ilianza kusambaza One UI 7, na siku chache tu baadaye ikasitisha kwa muda ili kurekebisha kasoro. Asiyekuwa na haraka hakuguswa.

Nina Galaxy. Zamani nikishusha pazia la juu naona ujumbe wa M-Pesa na vitufe vya Wi-Fi na data pamoja. Sasa vinaonekana kimoja kimoja, tena kwa kubahatisha. — Msomaji, Dodoma

Si bahati, ni upande unaoanzia kidole. Kwenye One UI 7 ukishusha kutoka kona ya juu kulia unapata vitufe; ukishusha kutoka sehemu nyingine ya juu unapata arifa. Ukishafungua upande mmoja, telezesha kidole kushoto au kulia kuhamia mwingine. Kuvirudisha pamoja: shusha vile vitufe, gusa alama ya penseli, gusa Panel settings, chagua Together, kisha Done. Wanaoshika simu kwa mkono wa kushoto tunawashauri wafanye hivyo mara moja, kwani kona ya kulia kwao ni mbali.

Simu yangu haijasasishwa mfumo wowote, lakini ukurasa wa kupiga simu umebadilika asubuhi moja. Simu ikiita, sijui nitelezeshe wapi. Nimedukuliwa? — Msomaji, Kampala

Hujadukuliwa. Kwenye simu nyingi za Android, Pixel, Nokia na Motorola zikiwemo, ukurasa huo ni programu ya Google inayojisasisha yenyewe kutoka Play Store, mbali na mfumo wa simu. Agosti 2025 Google iliivika sura yake mpya. Orodha ya uwapendao na ya simu zilizopita zikaunganishwa kwenye Home, na majina yakahamia kwenye menyu iliyo karibu na kisanduku cha kutafutia. Sehemu ya namba ipo, inaitwa Keypad, na ndipo unapopigia namba za huduma zinazoanza kwa nyota.

Ya kupokea simu rekebisha hivi: fungua programu hiyo, menyu ya mistari mitatu, Settings, Incoming call gesture. Horizontal swipe ni ya kutelezesha upande. Single tap ni ya vitufe viwili vya kugusa. Unayeweka simu mfukoni chagua ya kutelezesha, kwa sababu kitufe cha kugusa hupokea au kukata simu wakati unaitoa.

Ukitaka sura ya zamani kabisa, bonyeza aikoni yake kwa muda, App info, vitone vitatu, Uninstall updates. Majina yako hayapotei, hayahifadhiwi humo. Kisha kwenye ukurasa wake ndani ya Play Store, vitone vitatu, ondoa tiki kwenye Enable auto update. Hatulipendekezi kwa muda mrefu, kwa kuwa masahihisho ya usalama huja kwa njia hiyo hiyo unayoifunga.

Nikiandika WhatsApp kibodi ya iPhone ni ya aina moja, nikifungua programu nyingine ni ya zamani. Ni virusi? — Msomaji, Mwanza

Hapana. Programu hupata sura mpya pale tu mtengenezaji anapoijenga upya kwa zana za iOS 26. Isiyojengwa upya huendelea kuchora kibodi na vitufe vya zamani, na mtengenezaji anaweza pia kuomba kubaki na sura ya zamani kwa muda. Mchanganyiko huu utapungua taratibu: kuanzia mwishoni mwa Aprili 2026 Apple inataka programu zote zinazopakiwa kwenye duka lake ziwe zimejengwa kwa zana hizo. Unachoweza kufanya ni kusasisha programu zako. Kama ya benki yako bado ina sura ya zamani, itumie bila wasiwasi.

Kulalamika kwetu kunafika popote kweli? — Msomaji, Dar es Salaam

Kunafika, na ushahidi upo. Mwaka 2013 iOS 7 ilipokuja na herufi nyembamba na kurasa zinazoruka, watu waliandika kwamba wanapata kizunguzungu. Mwezi uliofuata toleo la 7.0.3 likaifanya Reduce Motion izime miruko hiyo. Mwaka 2025 toleo la kwanza la majaribio la iOS 26 lilikuwa na Control Center, yaani ukurasa wa vitufe vya haraka, isiyosomeka kabisa juu ya aikoni, likarekebishwa kwenye toleo la pili. Tinted ikaja Novemba, kitelezi cha saa Desemba. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwemo kwenye mpango uliotangazwa Juni.

Ila lalamiko la "sura mbaya" halimsaidii mhandisi. Andika kwenye ukurasa wa maoni wa Apple, apple.com/feedback, utaje: aina ya simu, namba kamili ya toleo (Settings, General, About), ukurasa gani na kitufe gani, picha gani iko nyuma, na ulishindwa kufanya nini. Kwa mfano: "iPhone 13, 26.1, skrini iliyofungwa, picha yenye mawingu meupe, siwezi kusoma kiasi cha pesa kwenye ujumbe wa benki bila kufungua simu." Wa Samsung watumie programu ya Samsung Members, wa Google watumie Help & feedback iliyo ndani ya programu yenyewe. Ukiulizwa kuambatisha picha, ambatisha skrinishoti, baada ya kuficha salio na namba za watu.